Habari Zote Zilipitia kwa Mama

Nilipewa pole ya msiba wa mama yangu kabla sijajua kwamba anaumwa. Ilikuwa mapumziko ya saa nne, tumekaa ofisi ya walimu tunakunywa uji. Mwalimu mwenzangu mmoja, mama anayeimba kwaya kanisani kwao, aliingia, akaweka mkoba wake mezani, akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mwalimu. Mungu akutie nguvu."

"Pole ya nini?"

Akaniangalia, kisha akawaangalia wengine kama anatafuta wa kumsaidia. "Kumbe hujaambiwa," akasema.

Akanionyesha simu yake. Kwenye kundi la wanakwaya palikuwa na ujumbe kwamba mama mzazi wa mwalimu wa Turwa, yule mwenye kwao Machochwe, ameanguka shambani asubuhi na kufariki. Chini yake watu walikuwa wameshaanza kuandika pole, na picha za mikono iliyounganishwa kwa sala. Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Wa Turwa mwenye kwao Machochwe nilikuwa mimi.

Nikapiga simu ya mama. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikataka kumpigia kaka yangu anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii upande wa Robanda, na hapo ndipo nikagundua kwamba sina namba yake. Nilikuwa nayo zamani, kwenye simu iliyoibiwa. Mdogo wangu aliolewa Kenya, upande wa Migori, na namba yake niliyokuwa nayo ilikuwa ya laini aliyoiacha. Nilikaa pale nimeshika simu, nikiwa na ndugu wawili wa tumbo moja duniani, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumfikia.

Haikuwa kwamba sikuwa na habari zao. Nilizipata kila wiki, zote kutoka kwa mama. Mama alikuwa na simu ya kitochi ambayo aliifunga kwenye pindo la kanga hata akiwa anapalilia. Hakujua kusoma, alizijua namba zetu kwa tarakimu za mwisho. Jumapili baada ya kanisa alitupigia mmoja mmoja. Kaka anakusalimia, amepata mtoto wa kiume. Mdogo wako anakusalimia, mvua kwao imezidi. Sikuona sababu ya kutafuta namba ya mtu ambaye salamu zake zinanifikia.

Na kati yangu na kaka kulikuwa na jambo. Nilipoondoka kwa mume wangu wa kwanza, kwa sababu ya kipigo, wakwe zangu walikuja nyumbani kudai ng'ombe wao. Ng'ombe hao kaka alikuwa ameshawatoa kuolea, kama ilivyo kwetu. Alinikuta jikoni kwa mama akaniambia, "Rudi kwako." Sikurudi. Nikahamia Turwa, mjini Tarime, na mtoto wangu, na tangu siku hiyo mimi na kaka hatukusema neno bila mama katikati. Lakini miaka ilipopita, mama alianza kuniletea salamu zake, na salamu zile zilikuwa nzuri. Mwanangu alipolazwa kwa malaria kali, mama alinipigia, akasema, "Kaka yako amesikitika sana, anasema mtoto apone." Nililia siku ile. Niliona kwamba moyo wake umelainika.

Mkuu wa shule aliniruhusu niondoke. Nilipanda pikipiki, kwa sababu sikuweza kusubiri gari, tukapita Nyamongo, tukavuka daraja la Mto Mara. Njia nzima nilikuwa namlilia mama yangu mgongoni kwa kijana wa watu ambaye hakuniuliza kitu.

Tulifika kama saa nane. Uani kulikuwa na wanawake wamekaa chini. Hakuna aliyekuwa analia. Jirani yetu wa chini ya mlima, mama mtu mzima aliyelima na mama yangu tangu nikiwa mdogo, alinyanyuka akanikuta getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona macho yamekuvimba hivyo?"

"Nimeambiwa mama amefariki."

Akanishika bega. "Nani amekuambia? Mama yako yuko ndani. Anapumua."

Niliingia. Mama alikuwa amelazwa mkekani, kichwa juu ya mto, mdomo umevutwa upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa kama si wake. Jicho moja lilinifuata nilipopiga magoti. Nikamwita. Alitoa sauti, na sauti ile haikuwa neno.

Jirani akanieleza pale pale, huku akimpepea. Walikuwa wameanza kung'oa karanga tangu kulipopambazuka. Mama akasema mkono unakufa ganzi, halafu akakaa chini, halafu akalala. Walimbeba nyumbani. Jirani alichukua simu ya mama akabonyeza namba ya mwisho iliyopigwa. Ilikuwa ya kaka, na kaka alikuwa ndani ya hifadhi, mahali ambapo simu hazishiki. Namba nyingine zote hazikuwa na majina. Alijaribu moja akampata muuza mbegu. Simu za watu wanaouliza zikaanza kuingia mfululizo mpaka chaji ikaisha.

"Tukamtafuta mtu wa gari Mugumu aje ampeleke hospitali," akasema. "Alikubali. Tulimsubiri mpaka jua likawa kali. Tulipompigia kwa simu ya mume wangu, akasema alikuwa amefika nusu ya njia, akakutana na watu wakamwambia mama wa huku ameshakata roho. Akaona hakuna haja ya haraka. Akageuza, akachukua abiria wengine."

Baadaye nilifuatilia habari ile ilivyotembea. Mwanamke mmoja aliyesaidia kumbeba mama alimwambia dereva wa bodaboda kwamba mama ameanguka, hasemi. Dereva alisema dukani kwamba hali ni mbaya, labda hatapona. Aliyekuwa dukani alimwandikia shemeji yake Mugumu kwamba amekwenda. Kutoka hapo iliingia kwenye makundi ya makanisa, na katika kila kundi alikuwepo mtu mwenye ndugu kundi lingine. Hakuna hata mmoja aliyetaka kusema uongo. Kila mmoja aliongeza kidogo tu, kwa huruma. Habari ya kwamba amekufa ilipita njia nyingi kwa wakati mmoja, ikafika Tarime, ikavuka mpaka. Habari ya kwamba yuko hai na anahitaji gari ilikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilikuwa imelala mkekani, haisemi.

Kijana wa pikipiki alikuwa ameondoka kututafutia gari. Tulikuwa bado tunabishana kama tumkalishe mama katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, tuliposikia kilio kutoka barabarani. Ilikuwa probox yenye namba za Kenya, imejaa wanawake wa kanisa la mdogo wangu. Alishuka kabla haijasimama vizuri. Alikuja anakimbia, kanga imedondoka, anaita, "Mama, umeniacha na nani? Mama, ungenisubiri." Wenzake nyuma wakapokea, wakaanza wimbo wa maziko.

Nilitoka mbio kumzuia. Nilimshika kiuno, nikamwambia yuko hai, yuko hai, nyamaza anasikia. Alinisukuma, alidhani nimechanganyikiwa. Wimbo uliendelea mpaka jirani alipowapigia kelele kwa Kikurya, ukakatika katikati ya mstari.

Niliporudi ndani mama alikuwa anaangalia paa. Jicho lake moja lilikuwa linatoa machozi, yanateremka mpaka sikioni. Alikuwa amesikia kila kitu. Alikuwa amesikia binti yake anavyomlilia akiwa maiti, na hakuweza kusema kwamba hajafa.

Tulimpeleka hospitali kwa gari lile lile la msiba. Waimbaji walibaki uani kwetu. Mdogo wangu alikuwa ameweka kichwa cha mama mapajani, na njia nzima alirudia maneno yale yale: "Lakini mimi nilipata hii habari kwa group ya kanisa. Nani angeniambia ingine? Nani?"

Kaka alifika kesho yake asubuhi, amevaa sare ya kambi, buti zimejaa vumbi. Alikuwa ametoka hifadhini, simu ikashika, zikaingia pole. Tulisalimiana kama watu waliokutana ofisini. Alikuwa na mvi. Sikuwa najua kwamba ana mvi.

Daktari, kijana mpole, alitukuta sote watatu kando ya kitanda. Alisema mama ana kiharusi, kimetokana na presha. Akauliza, "Dawa za presha alikuwa anatumia?"

"Anatumia," nikasema. "Kaka ndiye anamnunulia."

Kaka akageuka. "Mimi? Mama aliniambia wewe ndiye unamletea kutoka Tarime kila mwezi."

"Aliniambia unamletea wewe. Alisema nisihangaike, nisomeshe mtoto."

Tukamwangalia mdogo wetu. Akatikisa kichwa. "Mimi aliniambia nyinyi wawili mnagawana. Nilifurahi sana nikasikia mmepatana."

Daktari aliandika kitu kwenye karatasi yake, hakutuangalia. Akauliza ni lini alipimwa mara ya mwisho. Hakuna aliyejua. Sote watatu tulikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa ndani ya mtu mwingine.

Daktari alipoondoka nilitaka kusema neno la kupunguza uzito. Nikamwambia kaka, "Hata hivyo, asante kwa zile salamu. Mtoto wangu alipolazwa. Zilinifikia."

Kaka yangu si mtu wa kudanganya, hilo ndilo tatizo lake tangu utotoni.

"Sikujua kwamba mtoto wako aliwahi kulazwa," akasema. "Mimi mama alikuwa ananiambia wewe unaniomba msamaha. Kila Krismasi. Nikasema basi, yameisha."

Sikuwahi kumwomba msamaha, kwa kuwa sikuwa nimemkosea. Sikusema hivyo. Nilimwangalia mama. Alikuwa amefumba macho, na sikujua kama amelala au amekataa kutuangalia. Kwa miaka yote ile alikuwa amekaa katikati yetu anachukua ukimya wa huyu, anaupeleka kwa yule ukiwa salamu. Na kwa sababu alitaka kila mmoja amwone mwenzake ni mwema, alizifanya dawa zake mwenyewe kuwa zawadi. Kwangu alisema ni zawadi ya kaka, kwa kaka alisema ni zawadi yangu. Dawa zenyewe hazikuwepo.

Kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani, nilimuuliza daktari kama mama ataongea tena. Alisema maneno hayajafutika yote, njia za kuyafikia ndizo zimekatika, na kichwa kinaweza kutafuta njia za mzunguko, polepole, kama watu watazungumza naye sana. "Msimwache kimya," alisema.

Njia zilizopatikana zilikuwa za Kikurya. Baada ya wiki kadhaa alisema maji, akasema moto, akasema jina la ng'ombe wetu wa zamani aliyekufa mimi sijazaliwa. Kiswahili hakikurudi. Mwanangu, aliyekulia mjini, hajui Kikurya zaidi ya kusalimia. Alikaa karibu na bibi yake wakati wa likizo, bibi anaongea, yeye ananiangalia mimi. Nilimtafsiria mwanzoni. Kisha nilichoka, na mara nyingine nilijikuta namwambia bibi anasema anakupenda, wakati bibi amesema mlango uko wazi. Nilipojisikia nikifanya hivyo niliogopa.

Mwaka ule nilikwenda Machochwe kila nilipopata nafasi. Jioni moja nikiwa uani namlisha mama uji, tembo walitoka hifadhini. Nyumba yetu iko juu, na kwa miaka mingi mama ndiye alikuwa wa kwanza kuwaona. Nilidhani watu wa chini hawatajua, nikasimama nitafute simu. Lakini mtoto wa nyumba ya upande wa mto alikuwa ameshaanza kupiga debe. Nyumba ya pili ikapokea, halafu yowe likapigwa kutoka kwa watu wa bonde, likazunguka likarudi kwetu kutoka upande mwingine. Wanaume walitoka na tochi na mbwa. Tembo walikula mihogo kidogo wakageuza.

Jirani alipopita nilimwambia nilidhani bila mama hawatasikia.

"Tunamkosa," akasema. "Alikuwa na masikio mama yako. Lakini tembo hatumwachii mtu mmoja, mwalimu. Mtu mmoja anaweza kulala."

Alisema bila kunilaumu. Alikuwa anaeleza tu wanavyofanya. Nilikaa na bakuli mkononi, uji umepoa. Nikafikiria nyumba zile, watu ambao wengine hata hawasalimiani kwa sababu ya mipaka ya mashamba, lakini kila mmoja anasikia debe la majirani wawili au watatu, na akikosekana mmoja, sauti inapita kwa mwingine. Sisi tulikuwa watatu, tumezaliwa tumbo moja, na hatukuwa na hata njia moja isiyopita kwa mama.

Tulijaribu. Mdogo wangu alifungua kundi la wasapu la watu watatu. Alituma maombi ya asubuhi, marefu, ya kuambiwa umtumie kila mtu. Kaka alikuwa nje ya mtandao, kisha alijibu yote kwa pamoja kwa neno moja, "Sawa." Niliandika kuhusu zamu za kumuuguza mama, na mdogo wangu akasoma kana kwamba namwambia hafanyi kitu. Akaandika, "Dada, kumbe ndio unaniona hivyo." Zamani maneno yangu makavu yangepita kwa mama kwanza, yangemfikia yakiwa yamelowekwa. Sasa yalimfikia kama nilivyoyaandika. Baada ya miezi michache kundi lilinyamaza, na hakuna aliyelifunga.

Mama alifariki msimu wa palizi, mchana, jirani akiwa anamkanda mguu. Safari hii habari ilifuata njia tuliyoitengeneza. Jirani alinipigia mimi, mimi nikampata kaka akiwa likizo kwake Robanda. Kisha nikampigia mdogo wangu.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Jirani. Mwenyewe alikuwepo."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Bado niko Turwa, ndio najiandaa."

"Basi ukimwona ndio uniambie. Mimi siwezi kuja kulilia mtu aliye hai mara ya pili, dada. Watu wa kanisa walinicheka. Mama mwenyewe alinisikia. Unajua vile hiyo kitu ilinifanya?"

Nilimwambia ni kweli safari hii. Alisema hata ile ya kwanza waliomwambia walisema ni kweli. Nilipofika Machochwe na kumwona mama amefunikwa, nilijaribu kumpigia kwa picha ili aone, lakini mtandao ulikuwa dhaifu, uso wangu ukaganda, akakata. Nilimwandikia ujumbe. Ulibaki na alama moja, haujamfikia. Nikamwomba kaka ampigie, labda angemwamini mwanaume. Kaka alipiga, namba ya Kenya ilikuwa inatumika, kisha ikazimwa.

Wazee wa ukoo walisema hatuwezi kukaa na mwili. Kaka aliwaomba wasubiri mpaka kesho yake, wakakubali, lakini kesho yake jua lilipokuwa utosini, mawingu ya mvua yakawa yanakuja kutoka upande wa hifadhi, wakasema inatosha. Tulimzika mama nyuma ya nyumba, karibu na baba. Kaka alishika jembe tangu mwanzo mpaka mwisho, hakumpa mtu.

Mdogo wangu alifika jioni, peke yake, kwa bodaboda, hana waimbaji. Ujumbe wangu ulikuwa umemfikia asubuhi ile. Alipita katikati ya watu akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Hakulia kwa sauti. Alisimama kwenye udongo mbichi, mvua imeanza kunyesha, akatuuliza, "Mlishindwa kunisubiri?"

Kaka akafungua mdomo aeleze. Nikaona anavyotafuta maneno, na hayupo wa kumpa. Mdogo wangu alilala nyumba ya jirani, hakulala kwetu. Asubuhi alikuwa ameshaondoka.

Sasa ni mwaka wa pili. Nyumba ya Machochwe imefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa jirani. Mdogo wangu hapokei simu zangu, lakini husoma ujumbe, naona alama zikibadilika rangi. Kaka nampigia mimi, au yeye ananipigia akitoka hifadhini. Tunaulizana mvua. Tunaulizana watoto. Hatujui bado namna ya kuongea, tunaachiana nafasi ndefu.

Mwezi uliopita alipiga siku isiyo ya kawaida. Binti yake amechumbiwa, na wazee wa upande wa pili wameuliza ukoo wa bibi yetu, mama yake mama, wahakikishe vijana hawana undugu.

"Wewe unakumbuka alitoka ukoo gani?" akauliza.

Nilifikiri. Nilimwona bibi, kiko chake, mgongo wake uliopinda. Ukoo sikuuona.

"Mama alikuwa anajua," nikasema.

"Ndiyo. Labda mdogo wetu?"

"Labda. Nitamwandikia."

Nilisikia jenereta ya kambi inaunguruma nyuma yake, na mtu akimwita kazini. Hakukata. Nami sikukata.